Maini, Nyongo na Siki ya Ilocos: Tathmini ya Karinderia Moja ya Quezon City

Baba mkwe wangu alizaliwa Ilocos Sur, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, na kwake yeye Jumapili isiyo na bakuli la papaitan ni siku kama siku nyingine. Papaitan ni mchuzi wa matumbo, utumbo, maini, moyo na mapafu ya mbuzi au ng'ombe, unaokolezwa kwa tangawizi, ukatiwa uchachu wa ukwaju au birimbi, na mwishoni ukamiminiwa nyongo kidogo inayoupa ladha yake na jina lake, kwa kuwa neno pait maana yake ni uchungu. Miaka miwili iliyopita kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilivimba usiku mmoja hadi akashindwa kuvumilia hata shuka kukigusa, na daktari akatamka ugonjwa ambao familia nyingi za Ufilipino zinaufahamu vizuri: jongo, yaani gauti. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mahali katika Quezon City ambapo mzee huyu anaweza kula chakula cha kwao bila kujiumiza, na ambapo mimi, ninayefanya kazi ya ushauri wa lishe, ninaweza kukaa naye mezani nikiwa na moyo mtulivu. Mahali hapo nimepapata, japo si pakamilifu, na katika muda wa miezi miwili nimekula hapo mara saba, mara nne peke yangu na mara tatu pamoja naye.

Karinderia ni mkahawa mdogo wa mtaani ambapo vyakula vimekwisha kupikwa tangu asubuhi na kupangwa mbele katika masufuria yenye vifuniko, na mteja huonyesha kwa kidole kile anachokitaka. Ndiyo maana mikahawa ya namna hii huitwa pia turo-turo, yaani onyesha-onyesha. Hii ninayoizungumzia ina meza nane, iko mwendo wa dakika chache kutoka soko la umma, na inaendeshwa na mama mmoja ambaye wateja wote humwita Manang, neno la heshima la Kiilokano analoitwa dada mkubwa. Aliniruhusu kuandika juu ya jiko lake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala mtaa wake, kwa sababu anapika kiasi kinachowatosha wateja wake wa kila siku na hataki hao wafike saa sita wakakuta masufuria matupu. Nimeliheshimu ombi hilo, na ninaamini msomaji hatapungukiwa, kwa kuwa ninachotaka kukieleza ni namna ya kununua, kusafisha, kupika na kupima nyama za ndani, mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyadai katika karinderia yoyote kuanzia Laoag hadi Davao.

Niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya vyakula hivi ni vya nguruwe, na kwamba hata vile vya mbuzi, ng'ombe na kuku hupikwa katika jiko hilohilo. Msomaji anayejizuia na nguruwe kwa ajili ya dini asiione sufuria ya papaitan ya mbuzi akadhani kwamba imetengwa, kwa sababu haikutengwa, na Manang mwenyewe humwambia hivyo kila anayeuliza.

Sahani inayonirudisha pale ni igado. Jina lake limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya ini, na ndani yake mna vipande vyembamba vya ini la nguruwe na vya nyama ya steki, vilivyopikwa kwa kitunguu saumu, mchuzi wa soya ambao Wafilipino huuita toyo, siki, majani makavu ya laurel, pilipili hoho nyekundu na njegere. Katika karinderia nyingi ini hutumbukizwa sufuriani pamoja na nyama na kuachwa lichemke nayo kwa nusu saa, na matokeo yake ni vipande vigumu vyenye chembechembe kama chaki, ambavyo mteja huvilowesha kwa toyo zaidi ili viteremke kooni. Manang hufanya kinyume chake. Nyama ndiyo huanza, kisha siki humiminwa na kuachwa ichemke bila kukorogwa, kwa sababu wapishi wa Kifilipino wanashikilia kwamba siki ikikorogwa kabla ya kuchemka hubaki mbichi mdomoni, na ini huingia mwisho kabisa, likiwa limekatwa vipande vyenye unene wa kama nusu sentimita. Vipande vya unene huo huiva hadi ndani kwa dakika chache bila kukakamaa. Kuiva huko hakuna mjadala: ini la nguruwe linaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya E, na joto la ndani linalopendekezwa ni nyuzi 71 za Selsiasi. Hana kipimajoto jikoni, lakini kila mara hukata kipande kimoja kinene kuliko vyote na kukiangalia katikati kabla ya kuzima moto, na katika ziara zangu zote saba sikukuta ini lenye wekundu.

Siku moja nilinunua sahani ya igado ya kwenda nayo nyumbani, nikatenganisha vipande na kuvipima kwa mizani ya jikoni. Ini lilikuwa gramu 45 na nyama gramu 60. Gramu 45 za ini la nguruwe lililopikwa zina takriban miligramu 8 za madini ya chuma, tena ya aina ile inayofyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko chuma cha mboga na nafaka. Zina vitamini B12 mara tatu ya mahitaji ya siku moja ya mtu mzima. Na zina vitamini A ipatayo maikrogramu 2,400. Tarakimu hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende sahani ya Manang kuliko sahani kubwa za mikahawa mingine. Mahitaji ya mtu mzima hayavuki maikrogramu 900 kwa siku, na kikomo cha juu kinachotumiwa na wataalamu wengi wa lishe ni maikrogramu 3,000 za vitamini A inayotokana na wanyama. Kwa hiyo sahani yake inashiba vitamini hiyo na bado inabaki chini ya kikomo, ilhali sahani yenye gramu 100 za ini tupu, ambayo nimewahi kuuziwa kwingine kama chakula cha kuongeza damu, inakivuka karibu mara mbili. Kula hivyo mara moja hakumdhuru mtu mzima mwenye afya. Anayekula hivyo kila siku hulimbikiza vitamini hiyo katika ini lake mwenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kuikojoa kama unavyokojoa ziada ya vitamini C.

Hapo kuna jambo ambalo sikulipenda, na si kosa la Manang peke yake. Wafilipino wana neno pampadugo, yaani kitu cha kuongeza damu, na ini ndilo la kwanza kutajwa panapotokea mtu mwenye upungufu wa damu. Ushauri huo una msingi wa kweli. Lakini katika ziara yangu ya tatu nilimwona mama kijana mwenye mimba changa akinunua igado, akiniambia kwa furaha kwamba mama mkwe wake amemwagiza ale ini kila siku hadi ajifungue. Vitamini A ya wanyama ikizidi katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, na kwa ajili hiyo wajawazito hushauriwa waliepuke ini au wale kidogo sana kwa nadra, na wapate chuma kupitia vidonge vya kliniki, nyama ya kawaida, samaki na mboga. Nilimweleza kwa upole, naye akabadilisha akachukua monggo, yaani mchuzi wa choroko. Ningefurahi sana kuona kibao kidogo juu ya sufuria ya igado kinachowaambia wajawazito jambo hilo kwa Kitagalogi chepesi, kwa kuwa mteja wa karinderia hana daktari pembeni anapoonyesha kidole.

Kuhusu chumvi, nilimwomba Manang anionyeshe anavyopima, na akakubali. Kwa kilo tatu za nyama na ini mbichi hutumia robo tatu ya kikombe cha toyo, haongezi chumvi nyingine, na hupata sahani ishirini. Kijiko kikubwa cha toyo ya kawaida kina miligramu 900 hivi za sodiamu, na robo tatu ya kikombe ni vijiko kumi na viwili, hivyo kila sahani inabeba takriban miligramu 540. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Sahani moja inayochukua zaidi kidogo ya robo ya kiasi hicho si haba, lakini kwa chakula chenye mchuzi wa soya ni nafuu kubwa, na nafuu hiyo inatokana na siki. Anatumia sukang Iloko, siki ya maji ya miwa inayochachushwa katika mitungi ya udongo iitwayo burnay, ambayo mji wa Vigan, huko Ilocos Sur, unasifika kwa kuifinyanga. Siki hiyo ina rangi ya kahawia na ukali wenye utamu kwa mbali, nayo huujaza mdomo hivi kwamba ulimi hauitafuti chumvi. Nimejaribu nyumbani kupika igado kwa siki nyeupe ya viwandani nikitumia toyo kidogo kama yake, na chakula kilipwaya. Kwa maoni yangu siki hiyo ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika jiko lile, na kama ningeulizwa jambo moja la kuigwa na karinderia nyingine ningetaja mtungi wake.

Siku za Jumanne kuna adobo, yaani mapishi ya siki na toyo, ya maini na firigisi za kuku, ambayo ni nzuri tu. Mtu anayeogopa maini achukue firigisi: gramu 100 zilizopikwa zina protini ipatayo gramu 30 na mafuta yasiyofika gramu 3, na kwa kuwa Manang huzimenya ule utando wa njano wa ndani na kuzichemsha kwa muda mrefu kabla ya kuzitia siki, hazimchoshi mtu meno.

Sufuria inayohitaji maelezo zaidi ni ya dinardaraan, jina la Kiilokano la kile ambacho Manila wanakiita dinuguan, yaani nyama na nyama za ndani zilizopikwa katika damu ya nguruwe. Huko Manila mchuzi huwa mwingi na huliwa pamoja na puto, keki nyeupe za mchele zilizopikwa kwa mvuke. Mtindo wa Ilocos ni mkavu zaidi, damu imeshikamana na vipande vya moyo na utumbo, na juu hutiwa pilipili ndefu za kijani. Damu ina protini nyingi, chuma kingi na mafuta kidogo sana, kwa hiyo lawama inayobebeshwa sahani hii kwa kawaida hutokana na vile vinavyowekwa ndani yake: vipande vya tumbo la nguruwe lenye mafuta, na wakati mwingine ngozi iliyokaangwa. Manang hutumia moyo na steki zaidi ya tumbo, na hukaanga kwa mafuta yanayojitoa yenyewe kwenye nyama, bila kuongeza mengine. Huchanganya damu na siki kabla ya kuimimina, kisha hukoroga mfululizo hadi inapochemka kabisa, na kwa njia hiyo haigandi madonge wala haibaki mbichi. Kuna jambo dogo lililonigusa hapo. Waumini wa Iglesia ni Cristo hawali damu, na wateja wake kadhaa ni wa kanisa hilo, kwa hiyo sufuria ya dinardaraan hukaa peke yake upande wa mwisho wa meza ikiwa na upawa wake usioguswa na chakula kingine. Mwenye karinderia anayefikiri hivyo juu ya upawa mmoja hunipa imani kwamba anafikiri hivyo pia juu ya mambo nisiyoyaona.

Nilitaka kuyaona hayo pia, na alfajiri moja nilimfuata sokoni saa kumi. Nyama za ndani huharibika upesi kuliko msuli, kwa sababu zimejaa damu na maji na zimekaa karibu na uchafu wa utumbo, na katika masoko ya Ufilipino kuna hofu ya kweli ya botcha, nyama ya mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa, inayouzwa kwa bei ya kutupa. Sheria ya ukaguzi wa nyama ya mwaka 2004, Republic Act 9296, iliweka kazi hiyo chini ya National Meat Inspection Service pamoja na serikali za miji, na mchuuzi anatakiwa awe na cheti cha ukaguzi cha mzigo wa siku ile. Manang hununua kwa mchuuzi mmoja tu, na kabla ya kutoa pesa huangalia tarehe ya cheti. Ini alilichagua kwa kulibonyeza: linatakiwa liwe na mng'aro, lirudi lilivyokuwa baada ya kubonyezwa, na lisiwe na harufu kali wala madoa ya kijani. Figo hakununua, na nilipomuuliza akasema kwamba wateja hawazipendi. Mimi sikusikitika, kwa kuwa figo za wanyama waliozeeka hukusanya kadmiamu, na mtu anaweza kuishi vizuri bila kuzila mara kwa mara.

Usafishaji ndio unaochukua asubuhi yake yote. Utumbo hupinduliwa ndani nje, ukasuguliwa kwa chumvi ya mawe na siki, ukasuuzwa, na kazi hiyo ikarudiwa mara tatu hadi maji yatoke safi. Kisha huchemshwa na tangawizi pamoja na mchaichai, na maji hayo ya kwanza humwagwa. Matumbo ya ng'ombe hupata malezi hayohayo, halafu huchemka saa mbili na nusu hadi tatu ili yalainike. Siku za Ijumaa jioni sehemu ya utumbo huo hugeuzwa isaw, mishikaki ya utumbo inayochomwa juu ya mkaa, ile ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufilipino kule Diliman wameifanya kuwa karibu alama ya maisha yao. Kwa kuwa utumbo umeiva kabla ya kufika kwenye mkaa, mkaa una kazi ya kuupa harufu na rangi tu, na hakuna sababu ya kuuacha uungue hadi uwe mweusi, jambo ambalo kwa wachomaji wengi wa barabarani ndilo linaloficha utumbo usioiva. Siki ya kuchovya hutolewa katika kikombe cha kila mteja badala ya mtungi mmoja unaochovywa na mtaa mzima. Kijiti kimoja ni peso 12, bei ya juu kidogo kuliko ya barabarani, na mimi huilipa kwa moyo mweupe.

Sasa nirudi kwenye papaitan, kwa kuwa ndiyo iliyonileta. Manang huipika Jumapili tu, kwa nyama za ndani za mbuzi. Sina la kuiongezea sifa upande wa ladha: uchungu wa nyongo hutangulia, uchachu wa birimbi huufuata na kuulainisha, kisha tangawizi hubaki kooni muda mrefu baada ya bakuli kwisha. Nyongo huchemshwa vizuri ndani ya mchuzi, vijiko vichache kwa sufuria nzima, na mteja anayetaka uchungu zaidi hawezi kuongezewa mbichi hata akiomba. Nilifurahi pia kwamba hakuna bango linalodai kwamba mchuzi huo unatibu ulevi wa jana au unaongeza nguvu za kiume, kama yale yanayobandikwa kuhusu supu iitwayo Soup No. 5, inayotengenezwa kwa uume na korodani za fahali.

Tatizo la mgonjwa wa jongo ni purini, vitu vilivyomo katika chembe za nyama ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki; asidi hiyo ikizidi katika damu huweza kuganda na kuwa fuwele katika viungo, na ndizo zinazochoma kama sindano. Maini na figo zimejaa purini, ilhali matumbo yana chache zaidi kwa mbali. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama iliyochemshwa hupoteza sehemu yake, nayo sehemu hiyo huhamia kwenye mchuzi. Mzee anayeacha nyama akanywa mchuzi bakuli mbili, akiamini kwamba amejihurumia, amejitendea kinyume. Bia humzidishia adha, kwa kuwa nayo huongeza asidi ya yuriki na kuzuia figo zisiitoe, na papaitan nchini humu huandamana na bia mara nyingi sana, kwani ni moja ya vyakula vinavyopendwa kama pulutan, vitafunio vya wanywaji.

Nilimweleza Manang haya yote katika ziara ya kwanza niliyokwenda na baba mkwe. Alimsikiliza mzee kwanza, akamwita Tatang, yaani baba, akamuuliza ni lini mguu ulimuuma mara ya mwisho, na alipojibiwa kwamba ni miezi minne iliyopita, akaingia jikoni. Alirudi na bakuli dogo lenye matumbo yaliyochemshwa peke yake na maji yake ya kwanza kumwagwa, akayanyunyizia birimbi zilizopondwa, tangawizi, kitunguu, na vijiko viwili vya mchuzi wa papaitan kwa ajili ya harufu, pamoja na sahani ya saluyot. Saluyot ni mboga ya utelezi inayopendwa mno na Wailokano, na msomaji wa Kiswahili akiionja ataitambua kuwa ni mlenda. Mzee alikula polepole bila kusema neno, kisha akauliza kama anaweza kurudi wiki ijayo. Tumekubaliana naye kwamba itakuwa mara moja kwa mwezi, bila bia, akiwa anaendelea na dawa zake, na kamwe si wakati mguu unapouma. Sahani hiyo haikuandikwa popote, lakini ukiomba utaipata.

Kasoro zipo, na nimezitaja kwa Manang kabla ya kuziandika hapa. Ya kwanza ni joto. Chakula kikiwa tayari saa nne asubuhi hukaa katika masufuria yasiyo na moto chini, na siku mbili nilizochelewa hadi saa nane mchana nilikuta igado ya uvuguvugu, ini limeanza kukauka kingo, na dinardaraan imetanda ngozi juu. Chakula chenye damu na maini kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 au kiliwe mapema, na hili kwangu ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linaweza kuharibu kazi nzuri iliyofanywa tangu alfajiri. Ya pili ni chumvi ya papaitan, ambayo haifuati nidhamu ya igado: Jumapili moja ilikuwa na patis, ule mchuzi wa samaki, hadi nikanywa maji jioni nzima, na kijiko kimoja kikubwa cha patis kina sodiamu nyingi kuliko cha toyo. Ya tatu ni wali. Sahani hutolewa na kilima cha wali kinachoficha nusu yake, na mboga hazitolewi ila ukiziagiza. Taasisi ya utafiti wa lishe ya nchi hii, FNRI, ina mchoro wake uitwao Pinggang Pinoy, unaotaka mboga na matunda yachukue nusu ya sahani, wali theluthi, na nyama au samaki sehemu iliyobaki. Sahani ya Manang, kama inavyotoka jikoni, imeugeuza mchoro huo juu chini upande wa wali na mboga, ingawa upande wa nyama ameupatia sawasawa. Chicharon bulaklak, utando wa mafuta wa utumbo uliokaangwa hadi ukawa kama ua, nao upo mezani siku za Jumamosi; ni mtamu, na sitaurudia.

Kwa hiyo ukipata karinderia ya Kiilokano inayopika namna hii, agiza nusu ya igado, ambayo hapa ni peso 45, na nusu ya dinengdeng, mchuzi mwepesi wa mboga wenye bagoong, yaani samaki au uduvi waliochachushwa kwa chumvi, kwa peso 30, ukimwomba mpishi akuchagulie malunggay, yaani majani ya mlonge, kwa wingi, na wali kikombe kimoja kwa peso 15. Minyia kalamansi, ndimu ndogo ya Kifilipino, juu ya mboga, kwa kuwa vitamini C yake inasaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika majani. Kwa peso 90 utakuwa umekula mlo ambao mimi ningeuandikia mgonjwa wangu mwenye upungufu wa damu, ilimradi si mjamzito wala hana jongo. Nenda kabla ya saa sita na nusu.

Jumapili iliyopita nilipompeleka tena baba mkwe, nilikuta mabadiliko mawili. Papaitan ilikuwa na chumvi ya kadiri, na chupa ya patis imehamishiwa mezani kwa anayeitaka. Na igado sasa inapikwa kwa awamu mbili, sufuria ndogo saa nne na nyingine saa sita, ili ini lisikae likisubiri wateja. Manang alisema kwamba gesi imemwongezea gharama na kwamba sahani nzima itapanda kwa peso 5 kuanzia mwezi ujao. Kibao cha kuwatahadharisha wajawazito bado hakijawekwa. Ameniomba nimwandikie maneno yake, na mume wangu anayasahihisha Kitagalogi.